Fomu Inakuuliza Baba Yako, Haikuulizi Mtoto Wako

Nimekuwa kimya wiki mbili hizi, mtanisamehe. Ofisi ilinituma Morogoro kufuatilia habari za bei ya mahindi, na kazi ilipoisha niliomba siku moja ya ziada nikaenda kulala Mikese, nyumbani kwa kina rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye chuo. Nilikwenda kupumzika tu. Nimerudi na swali ambalo limegoma kunitoka kichwani, na kama kawaida yangu, swali likinisumbua nalileta hapa tusumbuke wote.

Kwa wale mnaoijua Mikese kwa kuichungulia dirishani mwa basi, ni pale kama kilomita 30 kabla ya kuingia Morogoro mjini ukitokea Dar. Ni mahali ambapo watu wamezoea kupapita. Misafara ya wapagazi ilipita hapa, na Henry Morton Stanley, alipokuwa anamtafuta Livingstone mwaka 1871, alipita na kulitaja jina la Mikese katika kitabu chake. Reli ya Wajerumani ilipita hapa ikafika Morogoro mwaka 1907. Mwaka 1916, Waingereza walipokuwa wanapigana na Wajerumani, stesheni ya Mikese iligeuzwa kituo cha vifaa vya vita, na wapagazi wakabebeshwa mizigo kutoka hapa kwenda kusini. Siku hizi yanapita malori ya Kongo na Zambia, na tangu mwaka 2024 inapita treni ya SGR, ambayo haina kituo cha abiria hapa. Unaisikia tu.

Sasa nije kwenye swali.

Usiku ule tulikaa barazani mpaka mbu walipotushinda, tukaingia ndani. Sebuleni kulikuwa na meza moja na taa moja. Upande mmoja wa meza alikaa dada yake rafiki yangu, ana miaka 37, anaandika kazi aliyopewa na mwalimu wake. Yuko mwaka wa pili wa shahada ya ualimu katika chuo kimoja cha Morogoro mjini. Upande wa pili alikaa mwanaye wa kwanza, kijana wa miaka 19, anahangaika na simu. Kijana amemaliza kidato cha sita, amepata chuo, na amepata mkopo wa serikali.

Mama hana mkopo. Ada yake inatoka kwenye meza ya machungwa na mahindi ya kuchoma kando ya barabara, na mkopo wa kikoba ambao anaurejesha kila wiki.

Nikamuuliza, "Dada, wewe hukuomba?"

Akacheka. "Mdogo wangu, niliusoma mwongozo mpaka mwisho. Nimepitiliza umri." Kisha akamwonyesha kijana kwa kalamu. "Mimi na huyu tunakula sufuria moja. Yeye ni maskini wa serikali, mimi ni maskini wangu mwenyewe."

Wote tulicheka. Lakini nilipolala sikulala. Nyumba ni moja, umaskini ni mmoja, na hamu ya kusoma ni moja. Iweje serikali imwone mmoja na isimwone mwingine? Nikaanza kurudi nyuma, mwaka baada ya mwaka, na nikagundua kwamba jambo hili halikuanza na Bodi ya Mikopo. Limeanza siku ile ile tulipoanza kuwa na chuo kikuu.

Chuo chetu cha kwanza kilifunguliwa Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya uhuru wa Tanganyika, katika jengo la TANU pale Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia kilimani, ndiyo Mlimani tunayoijua. Nchi ilikuwa na wasomi wa kuhesabika, kwa hiyo serikali iliamua kuwasomesha kwa fedha ya umma. Kodi ya mkulima wa pamba wa Shinyanga na mkulima wa mbogamboga wa Mgeta ndiyo iliyomlisha kijana wa Mlimani.

Mwalimu Nyerere alikuwa na mfano wake maarufu kuhusu jambo hili. Alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Asiporudi, ni msaliti. Mfano mzuri na wa haki. Lakini hebu mtazameni vizuri huyo mtu anayetumwa. Ni kijana, ana nguvu, anatembea peke yake. Hana mtoto mgongoni. Mwenye mtoto amebaki kijijini, ndiye aliyetoa chakula.

Picha hiyo ndiyo iliyojenga kila kitu kilichofuata. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa lile la kulipwa sehemu tu ya mshahara wakati wa utumishi huo. Mwalimu alikasirika, akawarudisha makwao zaidi ya wanafunzi 300, na siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Historia hii wengi mnaijua. Ninachotaka mkione ni kwamba ugomvi ule ulikuwa wa baba na watoto wake. Aliwafukuza warudi kwa wazazi wao, na baadaye wengi akawasamehe, kama baba anavyosamehe. Hakuna aliyeuliza kama miongoni mwao yupo ambaye naye ni mzazi.

Mara moja tu serikali ilibadilisha picha hiyo, na mara hiyo ilikuwa mwaka 1974.

Novemba mwaka huo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha lile Azimio la Musoma. Kwa upande wa chuo kikuu uamuzi ulikuwa mkali: hakuna tena kutoka kidato cha sita moja kwa moja hadi Mlimani. Kwanza JKT mwaka mmoja, kisha kazi miaka miwili au zaidi, kisha upate mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la chama. Lengo lilikuwa kupata wanafunzi watu wazima, wanaojua maisha. Ghafla madarasa yakawa na watu waliotoka kazini, na baadhi yao walikuwa na wake, waume na watoto.

Kwa wanaume mambo yalikwenda. Kwa wanawake yakaharibika. Ukimwambia binti wa miaka 20 asubiri miaka mitatu, katika miaka hiyo mitatu ataolewa, atazaa, na ikifika zamu yake ya kwenda chuo atakuwa na mtoto wa kunyonyesha. Idadi ya wasichana wanaoingia chuo kikuu ikashuka, na miaka michache baadaye serikali ikaamua kuwaondolea wanawake sharti la kufanya kazi kwanza. Wakaruhusiwa kwenda moja kwa moja baada ya JKT.

Watu husimulia kisa hiki kama mfano wa serikali kuwajali wanawake, na kweli ilikuwa nafuu kubwa. Lakini tafakari jawabu lenyewe. Tatizo lilikuwa kwamba mama mwenye mtoto hawezi kusoma. Jawabu halikuwa kumsaidia mama asome. Jawabu lilikuwa kumuwahisha binti kabla hajawa mama. Aliyekwisha kuwa mama aliachwa pale pale alipokuwa. Kwa maoni yangu hapo ndipo tulipokosea njia, na hatujarudi.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Katika miaka hiyo hiyo kulikuwa na jambo moja zuri sana ambalo tumelisahau. Azimio la Musoma lilitaka kila mtoto awe darasani ifikapo Novemba 1977, na walimu hawakutosha. Vyuo vya ualimu visingeweza kuwatoa kwa muda huo. Kwa hiyo kuanzia mwaka 1976 serikali ilichukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawasomesha ualimu wakiwa kazini vijijini. Walifundisha asubuhi, wakasoma alasiri kwa masomo ya posta na vipindi vya redio, wakisimamiwa na waratibu, na mwisho wakaenda chuoni kwa muda mfupi kabla ya mtihani. Walipita makumi ya maelfu kwa njia hiyo. Tuliwacheka kwa jina la "walimu wa UPE", na ni kweli maandalizi yao yalikuwa membamba. Lakini kama utaratibu wa kumsomesha mtu mwenye familia, sijaona uliouzidi. Mtu alisoma bila kuhama nyumbani, posho ilimfuata alipo, na aliyezaa katikati ya mafunzo hakuwa mbali na mama yake wala na mtoto wake.

Kisha fedha ikaisha. Vita ya Kagera, bei ya mafuta, bei ya mazao, masharti ya wakopeshaji wa nje, mnayajua hayo. Mwaka 1992 serikali ilitangaza rasmi uchangiaji wa gharama katika elimu ya juu, kwa awamu. Awamu ya kwanza mwanafunzi akabeba vitu kama nauli na ada ya maombi. Awamu ya pili akabeba chakula na malazi, na ili aweze kuvibeba, mwaka 1994 ukaanza mkopo wa serikali uliosimamiwa na wizara. Awamu ya tatu ikagusa karama yenyewe, yaani ada. Bunge likapitisha Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 kuanzisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo ikaanza kazi Julai 2005.

Sina ugomvi na Bodi. Mimi mwenyewe nimesoma kwa bumu. Bila ile fedha nisingekuwa naandika hapa, ningekuwa kwetu nalima. Nadhani wengi mnaosoma hapa mko hivyo hivyo. Na makato nayo tunayajua: yalikuwa asilimia 8 ya mshahara, yakapandishwa hadi asilimia 15 mwaka 2016, na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ikafutwa mwaka 2021 baada ya Rais Samia kuitangaza siku ya Mei Mosi.

Lakini turudi kwenye fomu. Mkumbuke mlichojaza. Jina la baba, yu hai au amefariki, cheti cha kifo kiko wapi. Jina la mama, anafanya kazi gani. Nani alikulipia ada sekondari. Mlezi wako ni nani. Wanaopewa kipaumbele ni yatima, mwenye ulemavu, ambaye mzazi wake ana ulemavu, anayetoka kaya inayosaidiwa na TASAF. Yote haya ni ya haki kabisa. Yote pia yanamhesabu mwombaji kama mtoto wa mtu. Katika vigezo nilivyosoma sijaona mahali ambapo kuwa na mtoto wa kumlea kunakuongezea uhitaji.

Mnakumbuka au mmesimuliwa mgomo wa Aprili 2007 pale Mlimani? Serikali ilisema Bodi itatoa asilimia 60, asilimia 40 atatoa mzazi. Wanafunzi wakagoma, chuo kikafungwa, na kurudi ikawa kwa masharti. Magazeti ya wakati ule yalijaa mjadala kama mzazi maskini anaweza au hawezi kutoa asilimia 40. Sijakutana na makala iliyouliza itakuwaje kama mzazi anayetajwa ndiye huyo huyo aliyeketi darasani.

Na kuna masharti mengine matatu ambayo yamekuwamo katika miongozo ya miaka ya karibuni. Umri usizidi miaka 35. Uwe umemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano. Usiwe na ajira yenye kipato rasmi. Ukiyasoma moja moja unaona yana maana. Ukiyaweka pamoja unapata picha ya mtu mmoja tu: kijana aliyetoka shule juzi na hajaanza maisha. Ni yule yule wa mfano wa Mwalimu, anayetembea peke yake.

Sasa mtanipa nafasi nirudi Mikese, kwa sababu kisa cha dada hakieleweki bila upande wa pili wa historia.

Dada alikuwa kidato cha tatu mwaka 2005 alipopimwa mimba na kufukuzwa. Mwaka ule ule Bodi ya Mikopo ilipoanza kazi! Sitaitaja shule, na wala haikufanya kitu cha ajabu kwa wakati ule. Kufukuza wasichana wenye mimba ilikuwa desturi ya miaka mingi, na kanuni za mwaka 2002 zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa la kimaadili au kwa kuingia katika ndoa. Mimba ikahesabiwa kuwa kosa la kimaadili. Kosa la msichana, maana mwenzake mara nyingi aliendelea na mambo yake.

Juni 22, 2017, Rais Magufuli alisimama Chalinze akasema kwamba katika utawala wake msichana aliyepata mimba hatarudi katika shule ya serikali. Chalinze na Mikese ni barabara moja. Dada ananiambia siku ile alikuwa mezani kwake anauza, redio ikatangaza hotuba, wateja wakaanza kubishana mbele yake, yeye akaendelea kumenya machungwa. Wakati huo alikuwa ameshafanya Mtihani wa Maarifa, amefanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, anajiandaa na cha sita. "Nilijiuliza," ananiambia, "kwani mimi nimewaomba kurudi?"

Zuio lilisimama mpaka Novemba 24, 2021, siku Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alipotangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwamo waliojifungua, wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Kenya ilikuwa na sera ya namna hiyo tangu mwaka 1994. Zanzibar, nchi yetu hii hii, iliruhusu tangu mwaka 2010.

Nilishangilia siku ile, na ninaendelea kushangilia. Lakini mlango uliofunguliwa mwaka 2021 ni wa shule. Msichana anayerudi leo akiwa na mtoto wa mwaka mmoja atafika kidato cha sita siku moja, akiwa na mtoto wa miaka mitano au sita. Halafu? Atakapokaa kujaza fomu ya mkopo ataulizwa habari za baba yake. Na wale waliofukuzwa kabla ya 2021, ambao wamejisomesha usiku kwa miaka 10 au 15, wao tayari wamepitiliza umri. Serikali iliwachelewesha yenyewe kwa kanuni yake, kisha inawaambia wamechelewa. Hapo ndipo ninaposhindwa kuelewa.

Kuna atakayesema, mbona kuna TASAF? Kweli ipo, tangu mwaka 2000, na mpango wake wa kunusuru kaya maskini ulizinduliwa mwaka 2012. Unamlipa mama kwa masharti: mtoto mdogo apelekwe kliniki, mkubwa awepo shuleni. Umesaidia sana watu, na siubezi. Lakini tazama tena nani anatakiwa kusoma. Mama analipwa ili mtoto asome. Na ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa ajili ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, iliyosimama mwaka 2023 ikarudi 2024, ni mikopo ya vikundi vya biashara. Mwanamke maskini akitaka mashine ya kusaga kuna dirisha la kwenda. Akitaka shahada hakuna.

Wenzetu wamefanyaje? Marekani fomu yao ya msaada wa wanafunzi ina swali ambalo mimi nililisoma mara mbili: una mtoto ambaye wewe ndiye unayemtunza kwa sehemu kubwa? Ukijibu ndiyo, hawaulizi tena kipato cha baba yako. Unahesabiwa mtu unayejitegemea, na ukubwa wa familia yako mwenyewe unaingia kwenye hesabu. Zaidi ya hapo, tangu mwaka 1998 serikali yao ya shirikisho ina mpango wa kuvipa vyuo fedha za malezi ya watoto wa wanafunzi wenye kipato cha chini. Uingereza nako kuna ruzuku ya malezi ya mtoto kwa mwanafunzi mzazi. Lakini tusidhani huko ni peponi. Mwaka 1996 hao hao Wamarekani walibadilisha sheria ya misaada kwa familia maskini wakataka akina mama waende kazini haraka, na wengi waliokuwa vyuoni wakalazimika kuacha. Kwa hiyo hata kwao ni mvutano: mama maskini apewe kazi ya leo au elimu ya kesho? Tofauti ni kwamba wao wanabishana juu yake. Sisi hatujamwona bado.

Sasa mtaniuliza, kama serikali haikuwasaidia, dada huyu na wengine kama yeye wamefikaje hapo walipo? Jibu nililiona asubuhi.

Niliamka saa kumi na moja nikamkuta mama yao mzazi amekwisha koka moto. Dada alikuwa anajiandaa kuwahi daladala, mtoto wake wa pili, wa darasa la pili, bado amelala. Nikamsalimia, "Shikamoo mama," akaitikia, akanipa chai. Nikamuuliza mtoto huwa anabaki na nani. Akanitazama kama niliyeuliza kitu cha kitoto.

"Anabaki kwao," akasema.

Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto wa binti ni wa ukoo wa binti, na shamba la ukoo hufuata njia hiyo hiyo. Mjomba ana sauti, bibi ana nyumba. Kwa hiyo msichana alipofukuzwa shule mwaka 2005 mtoto hakuwa mgeni pale nyumbani, alizaliwa kwao. Mjomba ndiye aliyelipa ada ya mitihani ya kujitegemea, kwa kuuza ndizi za shamba la ukoo. Bibi ndiye aliyelea. Hiyo ndiyo bodi ya mikopo ya dada, haina fomu na haina ukomo wa umri.

Nisije nikaeleweka vibaya. Mambo ya ukoo si malaika, na wako wasichana wa Uluguru waliochezwa ngoma wakaozwa mapema badala ya kurudishwa shule. Tena mashamba yanazidi kugawanyika, vijana wanahamia mjini, na bibi wa kesho huenda naye yuko Mbagala anauza vitumbua. Hatuwezi kuendelea kumtwika bibi kazi ya serikali tukaiita utamaduni.

Nini kifanyike? Mimi ni mwandishi wa habari, si mtaalamu wa sera, lakini historia hii inanionyesha mambo matatu madogo.

Kwanza, umri. Hoja ya kuweka ukomo ni kwamba mkopaji awe na muda wa kurejesha. Sawa. Lakini kustaafu kwa lazima serikalini ni miaka 60. Mtu akihitimu na miaka 40 ana miaka 20 ya kukatwa. Na matangazo ya ajira za serikali huwa yanakubali mwombaji mwenye hadi miaka 45. Yaani serikali iko tayari kumwajiri mtu wa miaka 44, ila haiko tayari kumkopesha mtu wa miaka 36 ili afike hapo.

Pili, fomu iongezwe swali moja: una mtoto unayemlea? Jibu lihesabiwe kwenye uhitaji, kama uyatima unavyohesabiwa.

Tatu, tukumbuke walimu wa UPE. Tumewahi kumsomesha mtu pale pale alipo, kwa posta na redio, wakati nchi haina kitu. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa fikra hiyo hiyo ya kumfuata mtu alipo. Leo kila mmoja ana simu. Kilichobaki ni msaada kumfuata pia.

Najua wapo watakaosema fedha haitoshi hata kwa vijana waliotoka shule juzi, kila mwaka wapo wanaokosa, na kwamba mtu aliyekwisha zaa ameshachagua. Hoja ya fedha ni ya kweli na siidharau. Hoja ya kuchagua naikataa. Msichana wa kidato cha tatu mwaka 2005 hakupewa uchaguzi wa kurudi shule, na mtoto aliyemzaa ndiye huyo leo serikali inamkopesha kwa furaha. Kama mama yake angesomeshwa wakati ule, huenda kijana asingehitaji mkopo kabisa.

Asubuhi ile tulipanda daladala moja hadi Morogoro, mimi nikiendelea na safari yangu, yeye darasani. Alikuwa na begi la madaftari na kapu la machungwa ya kumpelekea mteja mjini. Kijana wake alitusindikiza mpaka barabarani akamshikia mama yake kapu. Daladala lilipoanza kuondoka, kijana akaniambia kupitia dirishani kwamba bumu la kwanza likitoka atamtumia mama nusu ya ada ya muhula.

Dada akamkemea, "Soma wewe! Hiyo hela ya serikali imekuja kwa jina lako."

Wadau, mnasemaje? Na wale mliosoma chuo mkiwa na watoto, au mkiwa na wenzenu darasani waliokuwa na watoto, tuambieni mlifanyaje. Nani alimshika mtoto wakati wa mtihani?